Kichwa Kilichomponza Kinyozi

Kinyozi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Wembe, alikuwa na wivu tangu siku ya harusi yake. Si wivu wa kawaida, ule wa mtu kumuuliza mkewe "ulikuwa wapi" kisha akala akalala. Wake uliamka kabla yake na kulala baada yake. Mkewe aliuza mikate kwenye duka la kona, na mteja akinunua mkate mmoja leo na mmoja kesho, Wembe alitaka kujua kwa nini asinunue miwili leo, kesho akakaa kwake.

"Mkate wa jana unakauka," mkewe alimwambia.

"Si auchovye kwenye chai?"

"Nitamwambia mume wangu ameagiza auchovye."

"Usimwambie kitu. Mpe mkate, chukua pesa, tazama pembeni."

Basi huyo ndiye aliyejaliwa mtoto wa kiume. Akafurahi, akagawa soda kwa wateja, na jioni moja, wakati mama amelala na mtoto amelala, akainama pale kitandani kufanya jambo ambalo baba mwingine hafanyi. Alikisoma kichwa.

Msishangae. Wengine husoma magazeti, Wembe alisoma vichwa. Ukimfunika mteja uso mzima kwa shuka ukaacha utosi tu, alikutajia jina la mtu, kazi yake, na ngazi aliyowahi kuanguka. Zaidi ya yote alijua ile sehemu nywele zinapozunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Kila mtu anao mzunguko wake. Wa Wembe ulikuwa mmoja, katikati kabisa, umetulia kama kitovu.

Ya mtoto ilikuwa miwili. Imekaa sambamba, mmoja unakwenda kulia, mwingine kushoto, kama watu wawili waliogombana wakapeana migongo.

Wembe akasogeza taa. Miwili.

Sasa, kati ya wateja wake mtaani alikuwepo mtu mmoja tu mwenye mizunguko miwili, na Wembe alikijua kichwa chake kwa sababu kilimtesa: kila akikinyoa, nywele za katikati zilisimama kama pembe. Kichwa hicho kilikuwa cha fundi umeme. Na fundi umeme, mwaka uliopita, alikuja nyumbani kwa Wembe kutengeneza nyaya za jikoni wakati Wembe yuko kazini. Swichi aliifunga kichwa chini miguu juu, hata leo ukitaka taa iwake unasukuma pale ambapo watu wengine huzimia. Tena alikunywa chai. Wembe aliporudi alikuta kikombe kimeoshwa, na tangu siku ile alikuwa akijiuliza: kikombe kisicho na hatia kinaoshewa nini haraka hivyo?

Hakusema neno. Mwenye wivu anayesema hupona nusu. Wembe alinyamaza, akanenepesha yale yaliyokuwa tumboni. Kila nafasi akipata alimbeba mtoto akampeleka dirishani, akamgeuza kisogo kwenye mwanga. Mkewe aliona mapenzi.

"Baba yake hambanduki," aliwaambia majirani. "Hata mimi naanza kuona wivu."

Wembe akasikia neno wivu, akatoka kwenda kununua sabuni ambayo haikuhitajika.

Wiki ya kwanza haijakatika, mtoto akiwa ananyonya, aliachia ziwa ghafla. Akakakamaa kama ubao. Uso ukageukia upande wa kulia, ukabaki huko, midomo ikaanza kuiva rangi ya zambarau. Kisha mkono mmoja ukaruka, ukaruka, ukaruka. Ukatulia, na mwingine ukaanza. Mama yake alimwita Wembe kwa sauti ambayo Wembe hakuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile. Wembe akamnyakua mtoto, akatoka naye peku hadi barabarani. Mpaka wanapata gari, yote yalikuwa yamekwisha na mtoto anatafuta ziwa kana kwamba wao ndio walioota.

Hospitali walilazwa. Mtoto alipimwa damu, akapimwa sukari, akatolewa maji ya uti wa mgongo huku mama yake ameuma kona ya khanga. Majibu yakaja safi. Ila degedege likawa linarudi, mara asubuhi, mara mchana, na likipita mtoto mzima, ananyonya kama mwanambuzi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nina swali moja, na ninaomba mlifikirie vizuri," alisema. "Kuna mtu katika ukoo, upande wa mama au upande wa baba, aliyewahi kupata degedege akiwa mchanga kama huyu? Bila homa, bila malaria, bila chochote?"

"Kwa nini?" mke akauliza.

"Kwa sababu liko degedege linalotembea katika ukoo. Linaanza siku za mwanzo, na mara nyingi linaondoka lenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka. Kama ni hilo, dawa yake tunaijua, tutampa matone na tutamfuatilia. Kama silo, itabidi nimpeleke hospitali kubwa wakatafute zaidi, kichwani na kwenye damu, na tutaanza kubahatisha dawa. Nisingependa kubahatisha kwa mtoto mdogo hivi."

Mke akampigia mama yake palepale. Kwao hakuna, mama aliulizia hadi kwa mashangazi. Akamgeukia mumewe.

"Na kwenu?"

Wembe alikuwa bado amekwama kwenye yale maneno mawili, upande wa baba. Yalimwingia kama msumari.

"Kwetu hakuna," alisema.

"Umemuuliza mama?"

"Mama ni mtu mzima, yuko kwa dada, safari ya nusu siku. Asisumbuliwe. Nikisema kwetu hakuna, hakuna."

Na moyoni alikuwa na hakika kabisa. Mtoto anao ugonjwa wa upande wa baba; upande wa baba ni kwa mwenye mizunguko miwili. Hesabu imekaa. Mtu mwingine angesema hebu nimuulize mama yangu kwanza. Wembe akaaga kwamba anakwenda kufungua duka lake la kunyolea.

Shetani wa wivu akitaka kukusaidia hachelewi. Kufika tu, fundi umeme huyo hapo mlangoni, anajikuna kidevu.

"Jirani, mtoto anaendeleaje?"

"Kaa," Wembe alisema.

Fundi akakaa. Wembe akamfunga kitambaa shingoni, akampaka povu, akafungua wembe mpya. Akaanza chini ya sikio, polepole.

"Fundi, mama yako yu hai?"

"Yu hai. Kwa nini?"

"Aliwahi kukusimulia ulivyokuwa mchanga?"

"Anasema nilikuwa nalia sana."

"Kulia tu?"

"Na kunyonya."

Makali yakasimama kwenye mshipa wa shingo. "Hukuwahi kukakamaa? Uso ukageuka upande, mikono ikaruka?"

"Sidhani."

"Fikiri vizuri. Sitaki uniharakishie jibu."

Fundi umeme aliangalia kioo. Akaona uso wa kinyozi wake, akauona na mkono. Yeye mtu wa nyaya, alijua wakati wa kushika na wakati wa kuachia.

"Sasa kwa kuwa umenikumbusha," akasema taratibu, "huenda nilikakamaa."

"Huenda?"

"Nilikakamaa. Kidogo."

"Degedege?"

"Tuseme degedege."

"Na homa?"

"Jirani, wewe ungependa iwe na homa au isiwe na homa?"

"Mimi nataka ukweli."

"Ukweli wenye homa au usio na homa?"

"Usio na homa."

"Basi ndio huo. Usio na homa kabisa. Nilikuwa baridi kama samaki."

Wembe akafunga wembe wake. Akavua koti la kazi, akatoka mbio, akamwacha fundi na shavu moja limenyolewa na jingine lina povu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi mwingine, kijana mwenye kioo kilichozungukwa na taa, ambaye Wembe hakuwahi kusalimiana naye. Fundi akavuka barabara na povu lake.

Hospitali, Wembe alimvuta daktari kwenye ukumbi.

"Nimempata mwenye degedege. Upande wa baba."

"Vizuri sana. Ni nani kwako? Kaka? Baba mdogo?"

"Jirani."

Daktari, aliyekuwa ameandaa kalamu, akaishusha.

"Jirani wa upande wa baba?"

"Yeye ndiye upande wa baba, daktari. Amekiri mwenyewe, bila kulazimishwa." Akaukumbuka wembe. "Karibu bila kulazimishwa."

"Na hili la kuwa yeye ndiye baba, nani amekuambia? Mkeo?"

"Kichwa," alisema Wembe, na akaeleza yote: sinki, mizunguko, pembe, kikombe kilichooshwa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akatia kalamu mfukoni.

"Bwana, mambo ya nyumbani kwako siyajui. Ninalolijua ni kwamba nikiandika uongo wako kwenye faili, atakayeumia ni yule mtoto. Mama yako alikuwepo ulipozaliwa?"

"Alikuwepo," Wembe alikubali.

"Basi nataka maneno kutoka mdomoni mwake. Vinginevyo kesho mnakwenda hospitali kubwa."

Wembe akasema simu ya mama haishiki. Akasema dada hayupo. Akasema mabasi siku hizi yana matatizo. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kama mama angesema "kwetu hakuna", jambo lingekuwa limekwisha, na yeye angebaki na duka, mkasi na nyumba yenye swichi iliyopinduka. Bora kutokujua mpaka kesho. Kumbe wanawake hawangojei wanaume. Mkewe alikwisha kumpigia wifi yake, na bibi wa mtoto, kusikia tu mjukuu anaumwa, alikwisha kupanda basi kabla hajaulizwa lolote.

Akaingia wodini alasiri, mwanamke mfupi, mguu mmoja mbele na mwingine ukifuata kwa malalamiko. Akasalimia kila kitanda, akanawa mikono, akampokea mjukuu wake.

"Pole, mwanangu," akamwambia mkwewe. "Umekonda. Huyu anakulisha wivu peke yake?"

Kabla hajajibiwa, mtoto akakakamaa mikononi mwake. Wembe akaruka. Mke akaziba mdomo. Bibi hakuruka wala hakuziba kitu. Alimlaza mtoto ubavu juu ya kitanda, akamwekea kiganja mgongoni, akawa anamsemesha kama mtu anayepisha mgeni mlangoni.

"Haya, pita, pita, usikae sana. Pita, baba."

Mkono mmoja ukaruka, ukatulia. Wa pili ukaanza, ukatulia. Rangi ikarudi midomoni. Daktari, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akauliza kwa upole:

"Mama, umewahi kuyaona haya?"

"Kuyaona? Niliyalea. Baba yake huyu alikuwa hivi hivi. Uso kulia kwanza, halafu mkono huu, halafu huu. Nilipolia mama mkwe wangu akaniambia nisimmalizie machozi, hata marehemu mume wangu alianza hivyo, na shangazi yao pia. Walipoanza kutambaa kila kitu kikakoma. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kumlaza ubavu na nisimtie kitu mdomoni."

"Na mama, mbona hukuwahi kumwambia mwanao?"

"Nimwambie nini? Mtu ana ndevu, unaanza kumsimulia alivyokuwa anakojoa? Tena hakuniuliza."

Wembe alicheka. Alicheka kicheko kilichotoka tumboni, mama wa kitanda cha pili akainuka kuangalia, na Wembe akapiga makofi, akasema kwa sauti, mbele ya watu wote:

"Wangu! Kumbe ni wangu!"

Wodi nzima ikamgeukia. Hata watoto waliokuwa wanalia walionekana wanasikiliza. Mkewe akamtazama kwa muda, bila haraka, kama anavyotazamwa mtu aliyerudisha mkate ukiwa umeng'atwa.

"Kumbe alikuwa wa nani?" akauliza.

Wembe aliomba ardhi ipasuke, lakini sakafu ya hospitali ni ya saruji.

"Nimekuuliza, baba mtoto. Mtoto anaumwa, mama yako anasema ameurithi ugonjwa kwako, na wewe unacheka. Alikuwa wa nani?"

"Fundi umeme," alisema Wembe, kwa sauti ya mtu anayekiri kula nyama ya sufuriani.

"Yule wa swichi?"

"Alikunywa chai."

"Alikunywa na mama yangu, aliyekuwepo siku nzima akinisaidia kupaka rangi jiko. Mama ndiye aliyeosha kikombe. Mama yangu hata umpe kijiko kisafi anakiosha. Na nini kingine?"

"Mizunguko," alisema Wembe. "Mtoto ana mizunguko miwili. Kwetu hakuna mwenye miwili. Kwenye mtaa ni yeye tu."

Mkewe akavua kitambaa cha kichwani. Nywele zake alikuwa amezifumua tangu walipolazwa. Akainama mbele ya mumewe, akazigawanya kwa vidole.

"Soma, msomi."

Wembe akasoma. Mmoja ulikwenda kulia, mwingine kushoto.

"Umenyoa mtaa mzima," mkewe alisema akiwa bado ameinama, "na utosi wa mkeo hujautazama hata siku moja. Utautazamaje? Muda wote ulikuwa unatazama mlangoni."

Bibi akaguna. "Marehemu baba yake naye alikuwa hivyo. Jogoo wa jirani akiingia uani, mimi ndiye ninayeulizwa amemfuata nani. Degedege lao linaondoka wakianza kutambaa. Hili la pili sijaona dawa."

Daktari alikohoa, nadhani alikuwa anameza kicheko, kisha akarudi kwenye kazi yake. Akawaeleza kwamba sasa njia ni nyoofu zaidi: mtoto ataanza matone leo, kesho hakuna safari ya hospitali kubwa. Hawezi kuahidi, alisema, kwa sababu wapo wachache ambao hurudiwa wakikua, kwa hiyo kliniki wasikose. Lakini kwa ukoo kama huu matumaini ni makubwa. Mke alianza kulia wakati huo, sasa ambapo habari ilikuwa njema. Wembe akanyoosha mikono amchukue mtoto.

Mkewe akamvuta mtoto upande wake.

"Hapana."

"Mke wangu, si imeshajulikana ni wangu?"

"Wako. Sijakataa. Lakini umemtaja mtu wa watu hapa wodini kama mwizi wa kuku, na mimi pamoja naye. Nenda kamtake radhi yule fundi, mbele ya watu, kama ulivyonitangaza hapa mbele ya watu. Mpaka hapo, mtoto utamwangalia kwa macho."

"Mama, mwambie," Wembe alimgeukia mama yake.

"Nimwambie nini? Amesema vizuri kuliko nilivyosema mimi enzi zangu. Nenda."

Wembe alitembea kwa miguu mpaka mtaani. Nyumbani kwa fundi, mke wa fundi akamwambia amerudi kumalizia nywele, akaonyesha kwa kidole, ng'ambo ya barabara, kwenye kioo chenye taa.

Na hapo, nawaambieni, Wembe aliumia. Kupitia dirishani alikiona kile kichwa. Kichwa chake yeye, alichokinyoa miaka nenda rudi, alichopambana na pembe lake kwa maji na kwa mafuta, kimeinama chini ya mashine ya mtu mwingine. Wivu ulimpanda upya, mbichi, kana kwamba hajatoka wodini dakika hiyo. Alitaka kugeuka. Akamkumbuka mtoto alivyovutwa upande ule, akasukuma mlango.

Benchi lilikuwa limejaa. Wote walimjua. Yule kijana akazima mashine, akabaki ameishika hewani.

"Karibu, mzee. Kunyoa?"

"Nina neno na fundi."

Fundi alimwona kwenye kioo, akashika mikono ya kiti. "Jirani, mimi nilishakwambia yote. Bila homa."

"Fundi, nisamehe."

"Kwa lipi?"

Benchi zima likaegemea mbele. Wembe alitazama sakafu, nywele za watu wengine zimelala pale.

"Nilidhani wewe ndiye baba wa mtoto wangu. Kwa sababu ya kichwa chako. Kumbe mke wangu naye anacho hivyo hivyo, na degedege ni la kwetu, la baba yangu. Mke wangu ni mwaminifu, na wewe hukufanya kitu ila swichi. Nisamehe, na nyinyi mliopo mmesikia."

Mmoja akashindwa kujizuia, akacheka puani. Fundi yeye hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Kwa hiyo mimi degedege sina?"

"Huna. Hukuwahi kuwa nalo. Ulisema kwa sababu ya wembe."

"Afadhali," fundi akashusha pumzi. "Maana nilishampigia mama nikamlaumu kwa nini alinificha. Akalia sana yule mama. Tena akakumbuka na siku lilipoanza."

Sasa benchi zima likaanguka kicheko, na fundi akiwa wa kwanza kupangusa macho. Akatoa mkono chini ya kitambaa, Wembe akaupokea.

"Yamekwisha, jirani. Ila ndevu zangu nitaendelea kunyolea huku. Nywele nitarudi kwako. Ndevu, hapana."

"Ni haki yako," Wembe alisema.

Kijana akawasha mashine, akamalizia kisogo, akapuliza, akashika kioo kidogo nyuma ili mteja ajione. Wembe akaangalia naye. Mstari wa shingoni ulikuwa umepinda, umeanza juu kulia ukaishia chini kushoto, na lile pembe la utosini limeachwa limesimama kama lilivyo.

"Pamekaa sawa, mzee?" kijana akamuuliza, kwa heshima.

Ulimi wa Wembe ulimwasha. Aliuzungusha mdomoni, akaurudisha mahali pake.

"Pamekaa," alisema, akatoka kurudi hospitali, akanawe mikono ambebe mtoto kabla saa ya kuwaona wagonjwa haijaisha.